Redio Inayofoka

Msomaji wangu, katika sura zilizotangulia nimeandika juu ya ualimu, malezi na kilimo cha bustani, na kwa jumla nimejitahidi kuwa mpole kama inavyompasa mzee. Katika sura hii naomba ruhusa ya kuuweka upole kando. Nina ugomvi, nao ni ugomvi juu ya spika za redio. Najua wapo watakaocheka. Watasema kwamba mzee aliyefundisha walimu miaka yote ile sasa ameishiwa, hata anaandika habari za maboksi ya muziki. Wacheke. Wakimaliza kucheka wanisikilize, maana jambo hili lilikaribia kunitenga na mke wangu chini ya paa moja, na naamini linawatenga wengi ambao hawajui ni kitu gani kinachowatenga.

Madai yangu ni haya. Watu wetu wanachagua spika kwa jinsi zinavyotikisa duka kwa dakika moja, ilhali watakaa nazo nyumbani kwa saa nyingi kila siku, kwa miaka. Spika ya nyumbani ipimwe kwa saa ya tatu ya kusikiliza, na ipimwe kwanza kwa sauti ya mtu anayezungumza. Asiyefuata kanuni hiyo atanunua kelele kwa fedha zake halali, kama nilivyonunua mimi.

Nilistaafu mwaka 2010 nikiwa na miaka 60, nikarudi Morogoro nilikozaliwa. Aliyezaliwa Morogoro hawezi kuwa mgeni wa muziki. Utotoni kwangu mji ulikuwa wa Salum Abdallah na Cuban Marimba, hadi alipofariki mwaka 1965. Ujanani ukawa wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, na baadaye Super Volcano, hadi ajali ilipomchukua naye mwaka 1979. Nyumbani kwetu kulikuwa na redio moja ya boksi la mbao, yenye spika moja tu iliyofunikwa kitambaa cha rangi ya udongo. Tulikaa juu ya mkeka tukiizunguka tangu magharibi hadi taarifa ya habari ya mwisho. Watu wazima waliongea, watoto walisinzia, majirani waliingia na kutoka, na sikumbuki hata siku moja mtu kulalamika kwamba redio imemuumiza kichwa.

Sasa tazama nilichokifanya mimi, mtoto wa nyumba ile, nilipopata kiinua mgongo. Nilikwenda Dar es Salaam, nikaingia katika duka moja ambalo sitalitaja. Kijana aliniamkia kwa heshima, "Shikamoo mzee," nikaitikia, akaniwekea kiti. Kisha akafungulia mtambo. Vioo vya mlango vilitetemeka. Kifua changu kilipigwa kama kwa ngumi ya mto. "Mzee," akasema, "hizi ni wati elfu tano." Akanionyesha maandishi juu ya boksi, nami nikayasoma, nikaamini. Nilifundisha hesabu miaka 11 kabla ya kukabidhiwa chuo cha ualimu, lakini pale dukani hesabu zilinitoka zote. Nililipa, nikapakia spika nne ndefu na sabufa yenye ukubwa wa kiti, nikarudi Morogoro kama mtu aliyeoa mara ya pili.

Majirani walikuja kutazama. Kila aliyekuja nilimfungulia kidogo, yaani kwa kishindo, naye alitikisa kichwa kwa mshangao na kunipongeza. Nilizidi kuvimba. Kitu kimoja sikukiona: hakuna jirani aliyekaa zaidi ya nusu saa. Enzi za baba, watu walifukuzwa na usingizi. Kwangu waliaga mapema, na kila mmoja alikuwa na sababu yake nzuri.

Mke wangu alikuwa tayari ana presha ya macho. Tulihangaika na dawa, tukahangaika na hospitali, na kufikia mwaka 2016 mwanga ulikuwa umemtoka kabisa. Tangu hapo masikio ndiyo macho yake, na redio ndiyo dirisha lake. Mtu mwenye macho husikiliza redio huku akifanya jambo jingine. Yeye husikiliza tu: taarifa ya habari, mahojiano, tamthilia, taarabu, dansi za zamani, saa tano au sita kwa siku. Nilidhani basi mtambo wangu umepata kazi yake. Nikajisifu kwamba nilinunua kwa kuona mbali.

Lakini kila nilipomfungulia, baada ya nusu saa alisimama, akapapasa ukuta hadi mlangoni, akaenda barazani. Huko alikuwa na kiredio cha betri, spika yake upana wa kifuniko cha kikombe. Nikimfuata kumwuliza, alijibu kwamba anataka hewa. Mimi, kwa ujinga wa wanaume wa rika langu, niliona ni dharau. Nilinunua kitu cha thamani, naye anakaa na kitoto cha redio kinachokwaruza! Tukaanza kuwa watu wa nyumba mbili: mimi na kishindo changu sebuleni, yeye na mkwaruzo wake barazani. Ilichukua miezi mingi kabla sijamwuliza kwa unyenyekevu unaostahili. Akaniambia, "Baba, ile redio yako naisikia vizuri, lakini inafoka. Mtu akikufokea saa nzima, hata kama anakwambia maneno mazuri, utamkimbia."

Neno hilo lilinichoma kwa sababu nilikuwa nimelitumia mwenyewe kwa walimu wanafunzi kila mwaka. Niliwaambia kwamba mwalimu anayefoka husikika katika kipindi cha kwanza tu. Kufikia kipindi cha nane watoto wamemfungia masikio, wanamtazama tu mdomo. Mwalimu mzuri husemea darasa zima bila kupayuka, na neno lake la mwisho hufika kama la kwanza. Niliwafundisha hayo mamia ya vijana, kisha nikanunua mwalimu anayefoka na kumweka sebuleni kwangu.

Nikaanza kusoma na kuuliza, kama nilivyopaswa kufanya kabla ya kulipa. Hebu tuanze na zile wati, maana ndizo mtego wa kwanza. Spika nyingi za nyumbani zikipewa umeme wa wati 1 tu hutoa, katika umbali wa mita 1, sauti ya desibeli 84 hadi 90. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Kwa hiyo wati 1 katika kila spika, kwa mtu aliyekaa mita 3 katika sebule ya kawaida, inamfikishia sauti iliyo karibu na desibeli 80. Na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa usikilizaji salama, linamkadiria mtu mzima desibeli 80 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki. Kila ukiongeza desibeli 3, saa hizo zinagawanywa kwa mbili: desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10, desibeli 89 ni saa 5 kwa wiki nzima. Nasi tunajua kwamba kuongeza desibeli 3 ni sawa na kuongeza umeme mara mbili.

Piga hesabu mwenyewe. Msikilizaji wa saa sita kwa siku anahitaji, kwa wastani, chini ya wati 1. Tumwongezee akiba kwa ajili ya ngoma inapopigwa ghafla au mwimbaji anapopandisha, maana muziki una vilele vinavyoruka mara 10 hata 30 juu ya wastani. Bado wati 20 au 30 za kweli zinamtosha na kubaki. Zile elfu tano zinatoka wapi? Zinatoka katika herufi PMPO zilizochapwa juu ya maboksi, herufi ambazo hazina kanuni ya kupimia inayokubalika. Kila mtengenezaji huandika anavyopenda. Mwanafunzi akiniletea jibu la namna hiyo bila kuonyesha njia ningempa sifuri. Mwenye duka akiniletea, nilimpa kiinua mgongo.

Mtego wa pili umo katika sikio lenyewe. Mwaka 1933 wataalamu wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu halisikii sauti zote sawasawa. Sauti ikiwa ya chini, sikio hupoteza besi kwanza. Ikipandishwa, besi hurudi, na muziki huonekana umejaa. Ndiyo maana spika inayopigwa kwa nguvu kidogo kuliko mwenzake hushinda dukani hata kama ni mbaya. Muuzaji anajua hilo, kwa elimu au kwa uzoefu. Mkono wake haubanduki kwenye kitufe cha sauti.

Sikio hilohilo ni kali kupita kiasi katika mitetemo ya kati ya 2000 na 5000 kwa sekunde. Huko ndiko ziliko sehemu kubwa za konsonanti zinazotuwezesha kutofautisha neno na neno. Spika iliyotiwa chumvi katika eneo hilo huonekana dukani kuwa safi na yenye kung'aa. Nyumbani, baada ya saa moja, mng'ao ule hugeuka sindano. Kila "s" inatema mate na kila "sh" inakwaruza. Kiswahili chetu kimejaa sauti hizo. Msomaji wa habari akisema "Serikali imesisitiza", umekwisha kuchomwa mara tatu kabla hujajua Serikali imesisitiza nini.

Mtego wa tatu ni besi. Sikatai besi, gitaa la besi katika dansi la Morogoro ni uti wa mgongo, na bila hilo wimbo hauna miguu. Ninachokataa ni besi ya noti moja. Boksi nyepesi lililotobolewa tundu na kutengenezwa ili livume halifuati mpiga gitaa anapopanda na kushuka. Lina mlio mmoja linaoupenda, na kila kinachopita karibu na mlio huo linakigeuza kuwa "bum". Hasara yake haiishii kwenye muziki. Sauti nzito ina tabia ya kufunika sauti nyembamba zilizo juu yake, kwa hiyo mvumo wa besi huyazamisha maneno. Msikilizaji asiposikia neno hufanya nini? Huongeza sauti. Akiongeza, besi nayo inaongezeka, na neno linazama tena. Hapo mtu anafukuzana na kivuli chake hadi kichwa kimuume.

Kwa sisi wazee mambo ni mabaya zaidi, na wanaotuuzia wanasema kinyume chake. "Mzee, masikio yako yamechoka, nunua yenye nguvu." La hasha! Sikio la uzeeni hupoteza sauti nyembamba kwanza, na mara nyingi nafasi kati ya "sisikii" na "unaniumiza" husinyaa. Kila mwenye mama mzee ameliona hilo: unamwambia jambo, anasema "Unasemaje?", unarudia kwa nguvu kidogo, naye anakujibu, "Usinipigie kelele, mimi si kiziwi." Tunacheka, lakini ndivyo sikio lake lilivyo. Mzee anahitaji sauti iliyo wazi, isiyofunikwa na besi wala kuchomwa na sindano. Nguvu anayo ya kutosha katika ile wati 1.

Wapo waliolijua jambo hili zamani. Sisi wa rika langu tuliilea jioni yetu na Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, bila kujua kwamba shirika hilohilo lilikuwa na wahandisi waliokuwa wakiumiza vichwa juu ya spika. Katika miaka ya 1970 walibuni kispika kimoja kidogo, wakakiita LS3/5A, boksi la mbao lisilo na tundu, urefu wake kama sentimita 30. Kilikusudiwa magari ya matangazo ya nje, ambamo mhandisi hukaa katika chumba chembamba akichunga sauti za watu kwa saa nyingi. Mtu huyo hawezi kufanya kazi na spika inayomchosha, wala inayompamba msemaji kwa uongo. Na kipimo kikubwa cha wahandisi wale kilikuwa sauti ya binadamu: walimsikiliza mtu akizungumza, kisha wakaisikiliza sauti yake kupitia spika, wakalinganisha. Sababu yake ni rahisi. Huenda hujawahi kusikia fidla ya ukumbini, lakini sauti ya mtu umeisikia tangu tumboni mwa mama yako, na hakuna anayeweza kukudanganya nayo kwa muda mrefu. Kispika kile kilichotengenezwa kwa ajili ya kazi kilikuja kupendwa na watu majumbani.

Mwingine wa kutajwa ni mtafiti wa Canada, Floyd Toole, ambaye tangu miaka ya 1980 alionyesha umuhimu wa kuwasikilizisha watu spika zilizofichwa nyuma ya pazia. Wasipoziona, wengi walikubaliana: walizipenda zile zenye sauti iliyonyooka, isiyotia chumvi hapa wala kupunguza pale. Mwaka 1994 yeye na mwenzake Sean Olive walichapisha jaribio ambamo wasikilizaji walewale walizipima spika zilezile mara mbili, mara wakiziona na mara zikiwa zimefichwa. Alama zilibadilika. Macho yalikuwa yanasaidia kusahihisha mtihani wa masikio.

Niliposoma hayo nilinyamaza muda mrefu. Kwa miaka yote ile nilikuwa nikibishana juu ya spika na mtu pekee ndani ya nyumba ambaye macho yake hayawezi kumdanganya.

Basi nikaamua kufanya mtihani wa haki. Mjini kwetu yuko fundi redio mmoja, mtu mzima mwenye maneno machache, ambaye katika rafu za kibanda chake hukaa vitu vya zamani. Alikuwa na jozi moja ya spika za mbao, kila moja urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, yenye koni ya karatasi na kuba dogo la kitambaa kwa sauti nyembamba. Sponji iliyozunguka koni ilikuwa imeoza, kama sponji za namna hiyo zinavyooza zote baada ya miaka, hasa katika joto na unyevu. Alibandika pete mpya. Akaniazima kwa wiki moja. Jirani yangu naye akaniazima jozi yake mpya, nyembamba na ndefu, inayometa kama gari la harusi.

Nilitundika vitenge viwili mbele ya meza. Mjukuu wangu alipewa kazi ya kubadilisha nyaya na kutomwambia mtu, hata mimi. Kwa simu yake alipima sauti pale penye kiti, akahakikisha kwamba kila jozi inasikika kwa kiwango kilekile, kwa sababu bila hilo ingeshinda iliyo na nguvu na mtihani ungekuwa batili. Tulisikiliza jozi moja kwa jioni moja, si chini ya saa mbili na nusu: kwanza taarifa ya habari, kisha tamthilia, kisha Mbaraka na taarabu ya Unguja. Sikumwambia mke wangu chochote zaidi ya kumwomba akae hadi atakapochoka.

Jioni ya kwanza alikaa dakika 40. Ya pili alikaa kama saa moja, akawa anajisugua paji la uso. Ya tatu nilimwambia mimi kwamba muda wa kulala umefika. Nikamwuliza, alionaje? Jibu lake nimeliandika katika daftari, na kama ningalikuwa bado na chuo ningaliliandika ukutani. Alisema, "Yule msomaji wa juzi alikuwa na tumbo tu. Wa jana alikuwa na meno tu. Huyu wa leo ana koo." Tulipofunua vitenge, mwenye tumbo alikuwa mtambo wangu wa wati elfu tano. Mwenye meno alikuwa wa jirani. Mwenye koo alikuwa wa fundi, na bei aliyoniomba haikufika robo ya niliyoitoa Dar es Salaam.

Nami nikiri kosa langu kwa msomaji. Jioni ya kwanza, kwa dakika kumi za mwanzo, niliitambua sauti ya mtambo wangu na nilikuwa nimeipa ushindi. Ningekuwa dukani, ningekuwa nimekwisha kulipa.

Nimelisema jambo hili mbele ya watu, na hoja za kunipinga nazifahamu. Vijana husema kwamba ninachukia furaha. Sichukii. Harusi ni harusi. Watu 300 uwanjani wanahitaji kishindo, na mkodishaji wa muziki yupo kwa kazi hiyo. Lakini hakuna anayepikia watu wanne kila siku katika sufuria la harusi. Rafiki yangu mmoja mwenye uwezo husema kinyume: kwamba bila kuagiza spika za Ulaya kwa bei ya gari nisijisumbue. Huyo naye namkataa. Spika za gharama zipo zinazofoka kama za bei nafuu, ila zinafoka kwa lafudhi ya kigeni. Wengine husema simu inatosha. Kwa taarifa ya dakika tano, inatosha. Kwa jioni nzima, spika ya simu ni meno bila taya.

Yupo pia anayesema kwamba chumba hakina maana, spika nzuri ni nzuri popote. Nyumba zetu zinamkanusha. Sakafu ya saruji, kuta tupu, madirisha ya vioo na bati lisilo na dari hurudisha sauti kama pango, na spika ya malaika itafoka humo. Tandika mkeka au zulia. Tundika pazia zito. Rafu ya vitabu ukutani inasaidia kuvunja mwangwi, na huenda mgeni akasoma kimoja. Spika usiisukumie kwenye kona, maana kona huvimbisha besi. Isogeze kutoka ukutani kadiri nafasi inavyoruhusu. Ile sehemu inayotoa sauti nyembamba iwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Na umbali kati ya spika mbili ulingane takriban na umbali wa kutoka kila spika hadi kiti. Hayo hayana gharama, na yanashinda wati elfu moja.

Ukienda kununua, nenda na sauti unayoijua: msomaji wa habari, mhadhiri, au mwanao uliyemrekodi. Mwombe muuzaji apunguze, kisha apunguze tena, mpaka sauti iwe kama ya mtu aliyekaa mbele yako. Spika inayoeleweka kwa sauti ya chini ndiyo ya kukaa nayo. Sabufa iwe imezimwa kwanza. Neno lisiposikika bila sabufa, halitasikika nayo. Sikiliza "s" kama inatema. Sikiliza mwanamume mwenye sauti nzito, uone kama anaongea kifuani au ndani ya pipa. Fumba macho. Kaa. Kijana wa duka akianza kukutazama kama mzee aliyepotea, endelea kukaa. Na kama haruhusu mtu kukaa, hana unachokitaka. Spika ya mtumba usiiogope, ila gusa kingo za koni. Sponji ikimeguka kwa kidole, gharama ya fundi iwe ndani ya bei.

Nimesikia ikisemwa kwamba watu wa siku hizi hawajui tena kusikiliza, kwamba hawana subira, hawakai pamoja. Nimekuwa mwalimu muda mrefu mno kumlaumu mwanafunzi kabla sijamtazama mwalimu. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na sauti yake iliingia katika nyumba za pwani kupitia sindano ya chuma na santuri zenye mkwaruzo, na watu walikaa. Leo tumewawekea watu katikati ya sebule kitu kinachowafokea, kisha tunashangaa kwamba kila mmoja amekwenda na simu yake chumbani kwake.

Mtambo wangu nimempa mkodishaji wa muziki wa harusi, anautumia vyema. Kiredio cha barazani kimebaki kabatini bila betri. Mke wangu anakaa sebuleni tangu alasiri, na majirani wawili wazee wamerudi, nao hawaagi mapema. Wiki iliyopita tulikuwa katikati ya tamthilia, saa ya tatu ya kusikiliza, mimi nikiwa nimekwisha kusinzia. Katika mchezo mtu akabisha mlango akasema, "Hodi." Mke wangu akageuza uso kuelekea mlangoni kwetu, akaitikia, "Karibu!"